Mzigo Hutuliwa, Haubwagwi

Na Katibu wa Chama

Ukurasa huu tumeuzoesha habari za vitalu, majamvi na unyevu wa karafuu. Leo twaomba ruhusa tuzungumze jambo ambalo sisi wakulima hatulizungumzi, ingawa litamfika kila aliyejaaliwa umri. Jambo lenyewe ni kuacha kazi. Watumishi wa Serikali wanalo neno lake, kustaafu, na umri wake wanaujua, miaka 60. Mkulima wa karafuu hana neno wala umri. Hupanda mti mpaka siku magoti yakatae, kisha hukaa barazani, na watu wakasema, "Mzee fulani siku hizi hapandi tena." Habari zake huishia hapo.

Sisi tunaoandika haya hatujafika miaka 40, na huenda mtu akauliza, "Katibu ana nini na uzee?" Jibu tulilipata Bagamoyo, tulikokwenda tumemfuata mzee mmoja wa Kamati yetu. Jina lake hatulitaji, maana ametukataza. Miaka yake yakaribia 70, na baada ya msimu uliopita alitwambia kuwa hatasimamia shamba tena. Akataka tumsindikize Bagamoyo kwa ndugu wa mama yake, "kabla magoti hayajaniaga," kama alivyosema mwenyewe.

Tulivuka kwa boti kutoka Pemba hadi Unguja, na kutoka Unguja hadi Dar es Salaam, kisha tukapanda basi la kwenda kaskazini. Bagamoyo iko ng'ambo tu ya Unguja, na zamani jahazi lilikatiza moja kwa moja. Lakini sisi ilitubidi tushuke kusini kwanza, ndipo tupande tena kwa njia ya nchi kavu, yapata kilomita 70. Mzee hakuona taabu. Alisema safari ndefu ni nzuri kwa mtu mwenye maneno mengi.

Na kweli alikuwa nayo. Kazi, alisema, aliianza kabla hajatiwa chuoni, akiokota mpeta chini ya mikarafuu pamoja na bibi yake. Baadaye akawa mchambuaji, kisha akawa mpandaji. Ujanani aliiacha karafuu akaingia ubaharia katika jahazi, akaiona Tanga, na Mombasa, na Lamu. Miaka ya 1980 alikwenda Dubai akapakua mizigo bandarini kwa muda wa miaka miwili, akarudi na redio, na sanduku la nguo, na hamu ya shamba. Tangu hapo hakutoka tena. Tukamwuliza, "Mzee wetu, na starehe yako katika umri huu wote ilikuwa nini?" Tulidhani atasema bao, maana twamjua kuwa akikaa kwenye bao hasikii hata akiitwa kula. Akacheka. "Bao ni la kupitisha jioni, mwanangu," akasema. "Starehe yangu ni kuipa mikarafuu majina."

Hilo hatukulijua. Mikarafuu yake ni 63, na kila mmoja una jina. Uko uitwao Bibi, kwa sababu bibi yake ndiye aliyeupanda. Uko uitwao Dubai, alioupanda mwaka aliorudi. Uko Mwenye Kiburi, ambao huzaa mwaka mmoja ukapumzika mitatu. Uko Mvunja Mkono, na kila aliyekuwako dagoni mwaka huo ajua kwa nini. Na iko miwili iliyo mpakani aiitayo Amana, maana si yake: ni fungu la dada yake katika urithi wa baba yao, naye huichuma kila msimu na kumpelekea dada fedha zake.

Tukamwuliza kama wanawe wayajua majina hayo. Alitazama nje ya dirisha la basi asijibu, mpaka tulipokwisha kupita Bunju. Kisha akasema, "Hawajaniuliza."

Ndugu wanachama, neno hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Wengi husema kuwa jina la Bagamoyo latokana na "bwaga moyo", na kuna njia mbili za kulieleza. Wa kwanza husema kuwa wapagazi walioshuka kutoka Unyamwezi, baada ya miezi ya mwendo, waliiona bahari wakabwaga mizigo, na moyo ukatulia. Wa pili husema kuwa waliobwaga moyo ni watumwa, kwa kukata tamaa, kwani mbele yao hapakuwa na njia ila maji. Wengi katika waliovushwa maji hayo waliishia katika mashamba ya karafuu ya visiwa vyetu. Sisi tunaoishi kwa karafuu leo hatupaswi kulisahau hilo hata siku moja.

Siku ya pili tulitembea mjini. Tulipita kwenye kituo cha kale cha misafara, tukaenda mpaka Misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1868, ambako watu huonyeshwa mnara uliowekwa ndani yake maiti ya Livingstone mwezi wa Februari 1874. Mzee alitaka kujua habari moja tu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa na uzito gani? Tukamwambia, karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu. Frasila anaijua, maana wazee wetu waliuza karafuu kwa frasila. Akatikisa kichwa. "Frasila mbili kichwani, miezi mitatu," akasema. "Na wakifika hapa hupewa nini?"

Swali hilo lina majibu yake katika historia, nasi twawaletea machache.

Yuko mtu mmoja aliyeitwa Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Uyao, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi. Bwana wake alipokufa akawa huru, akarudi pwani yetu. Mwaka 1857 alifuatana na Burton na Speke, walioanza safari yao Kaole, jirani na Bagamoyo, wakafika Ziwa Tanganyika. Mwaka 1860 alitoka Bagamoyo pamoja na Speke na Grant, nao hawakukoma mpaka walipofuata mto Nile wakatokea Misri mwaka 1863. Mwaka 1871 alitoka tena Bagamoyo na Stanley kumtafuta Livingstone. Waliporudi Bagamoyo mwezi wa Mei 1872, tufani ya mwezi wa Aprili ilikuwa imekwisha kupita na kuiangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Huo ndio mwaka ambao Pemba yetu ilianza kushika uongozi wa karafuu. Na mwaka 1873 Bombay alitoka Bagamoyo mara nyingine na Cameron, wakaikata Afrika yote kwa miguu mpaka bahari ya magharibi, Novemba 1875.

Mtu huyo alipotua mzigo alipewa nini? Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa pensheni mwaka 1876, naye alikufa 1885. Basi miaka yake ya mwisho hakukosa kitu. Hilo ni jema, na ni nadra, kwani wapagazi waliopita Bagamoyo walikuwa makumi ya maelfu kila mwaka, na pensheni hawakuijua hata kwa jina. Lakini hata Bombay alipungukiwa kitu kimoja. Maisha yake twayasoma katika vitabu vya mabwana aliowatumikia. Wao ndio walioandika alipokuwa hodari na alipokuwa mkaidi, alipolewa na alipookoa msafara. Neno lake mwenyewe, lililoandikwa kwa amri yake mwenyewe, hatunalo.

Wako pia wale walioichukua maiti ya Livingstone, ambao wakubwa wao walikuwa Susi na Chuma. Livingstone alikufa kwa Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia, mwezi wa Mei 1873, nao wakamchukua mpaka Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500. Walipofika walilipwa ujira wao wakaachwa waende zao. Baadaye Chama kile cha London kiliwatengenezea medali. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika kabla medali hazijawafikia. Heshima ilikuja, ila ilikuja wenyewe hawapo.

Sasa tumtazame mtu wa namna nyingine kabisa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alikuwa mfanyabiashara wa pembe na wa watumwa, na sifa zake nyingine si za kuigwa. Aliporudi Unguja kutoka Kongo mwaka 1891 alikuwa mtu mzima mwenye mali na mashamba, na safari zake zilikuwa zimekwisha. Naye alifanya jambo ambalo Bombay hakulifanya. Kabla ya kufa kwake mwaka 1905 aliyaeleza maisha yake kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili, na kitabu hicho chasomwa mpaka leo. Matokeo yake ni kuwa habari za njia ile twazijua kwa kinywa cha mwenye msafara. Wachukuzi wake, waliobeba pembe zile, wamenyamaza.

Lakini mtu si lazima awe tajiri wala mkubwa ndipo aandike. Shaaban Robert, ambaye sote tulimsoma shuleni, alikuwa karani wa Serikali kwa zaidi ya miaka 30 huku na huku Tanganyika, kazi ya mshahara mdogo na uhamisho. Naye ametuachia habari za maisha yake, na za umri wake baada ya miaka 50, kana kwamba aliyahesabu mapema yale aliyoyapata na yale aliyoyakosa. Alikufa 1962, hajafika miaka 60. Lau angesema atangoje mpaka akae kitako vizuri, tungepata nini?

Maoni yetu basi ni haya. Kubwaga na kutua si kitu kimoja. Anayebwaga mzigo huuachia popote uangukie, na kilichomo huvunjika. Anayetua huinama kwanza, hutafuta mahali, na mara nyingi humwita mtu amshike upande mmoja. Sisi wakulima wa karafuu tumezoea kubwaga.

Tutasema la nyumbani kwetu, ili mtu asidhani twanyoshea wengine kidole. Marehemu baba yetu alijua kila mpaka wa shamba lake, lakini ujuzi huo ulikuwa kichwani mwake. Alipofariki, mikarafuu minne karibu na kijito ikawa na wenyewe wawili, na kila mmoja ana shahidi. Ndugu wawili waliokula sahani moja tangu utoto hawakuamkiana kwa misimu mitatu. Karafuu za miti hiyo zilianguka zikawa mpeta, hapana aliyethubutu kuzichuma. Jambo lilikuja kumalizwa na wazee, lakini misimu ile mitatu haikurudi, na wala mioyo haikurudi kama ilivyokuwa.

Twajua mtasema, "Mkulima hastaafu, pensheni yake ni watoto." Neno hilo lilikuwa kweli zamani, watoto walipokuwa wakilala mwendo wa sauti kutoka kwa baba. Siku hizi mmoja yuko Dar es Salaam, wa pili yuko Maskati, na wa tatu ana kazi mjini. Fedha huleta kwa simu, Mungu awabariki, lakini simu haiwezi kuwaonyesha mpaka unapopita, wala kuwaambia kuwa mti huu ni amana. Na wengine mtasema, "Serikali yatoa pensheni." Ni kweli, na ni jambo la kushukuru. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar huwalipa wazee wote waliotimiza miaka 70, awe mtu alikuwa mtumishi au alikuwa mkulima. Mwanzo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na imeongezwa tangu hapo. Lakini magoti hayangoji miaka 70. Kutoka siku mtu anaposhindwa kupanda mpaka siku ya pensheni yaweza kupita miaka kumi, na miaka hiyo yataka kuliwa.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne, na tutayaleta mbele ya Mkutano Mkuu.

La kwanza ni akiba. Bei ilipopandishwa mwaka 2011, wengi wetu tulijenga, tukaoa, tukanunua pikipiki. Hakuna ubaya, lakini ni wangapi waliotenga hata fungu dogo kwa ajili ya uzee? Karafuu haizai sawasawa, msimu mmoja hujaza majamvi na mwingine hautoshi mboga. Basi katika msimu mzuri mtu atoe fungu kwa kila gunia, kabla fedha hazijafika nyumbani, aliweke mahali pa amani. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii wa Zanzibar unao mpango wa hiari kwa watu waliojiajiri wenyewe, nasi tutamwomba ofisa wake aje atueleze.

La pili ni miche, na hili twawaambia vijana wenzetu. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka sita hata minane. Mwenye miaka 32 akipanda masika hii, ataanza kuchuma karibu na miaka 40, na akifika miaka 60 mti wake uko katika nguvu zake, waweza kumlisha yeye na kumlipa mpandaji. Anayengoja kupanda mpaka akistaafu, huwapandia wajukuu. Hiyo ni sadaka nzuri, lakini si chakula chake.

La tatu ni daftari la mipaka. Kila mwanachama aliyepita miaka 60 azunguke shamba lake pamoja na warithi wake na mashahidi wawili, na Sheha akipatikana ni bora zaidi, waandike mti kwa mti. Mwenye eka tatu alizogawiwa na Serikali ajue kuwa zina masharti yake, asizichanganye na mikarafuu ya urithi. Hatusemi mtu agawe mirathi yake akiwa hai. Mirathi ina hesabu yake, na wenye kuijua wako. Twasema ajulishe kilicho chake na kisicho chake. Kwani Kadhi hawezi kugawa asichokijua, na si haki agawe amana ya mtu mwingine. Tulifundishwa tangu chuoni kuwa deni huandikwa. Amana nayo ni deni.

La nne ni masimulizi. Katika kila toleo la jarida hili tutaacha ukurasa mmoja kwa mzee mmoja: kazi alizozifanya, safari alizozisafiri, na starehe iliyomfurahisha. Msidharau hiyo starehe. Mzee mwenye jambo analolipenda, likiwa bao, au mshipi wa kuvulia, au mchezo wa ng'ombe, au maulidi, huuacha mti bila ya uchungu, maana anapo pa kwenda. Mzee asiye na kitu ila kazi, ukimwondolea kazi umemwondolea siku. Basi tusiwacheke wazee wetu wanaposhinda barazani kwenye bao. Tukae nao, tucheze, na kete zinapotembea tuulize. Wengi wao, kama yule mzee wa kwenye basi, hawajakataa kusema. Hawajaulizwa.

Jioni ya mwisho tulikaa pwani ya Bagamoyo, mashua zikirudi na samaki. Mzee aliangalia upande wa Unguja muda mrefu. Tulidhani anawaza jahazi lake la ujana, tukamwacha. Kisha akatuuliza kama kalamu tunayo. Tukasema tunayo.

"Basi andika," akasema, "nisije nikasahau mmoja. Wa kwanza, karibu na kisima, Bibi."

Tuliandika mpaka giza likaingia. Ilipofika ile miwili ya mpakani alitusimamisha, akataka tumsomee tulivyoandika, tena mara mbili, ahakikishe kuwa jina la dada yake limo. Daftari hilo sasa analo mwanawe mkubwa, aliyekuja kutoka Dar es Salaam siku ya pili yake kumwamkia baba yake. Alilisoma amesimama, kisha akakaa chini akalisoma tena, akauliza, "Baba, huu Mwenye Kiburi ni upi?"

Wabillahi tawfiq.

Wenu katika kazi,
Katibu